Shati la Odell

Huwa siwapendi watu wanaoniuliza kazi yangu, wakisikia ni makumbusho ya sanaa wanaanza kunipa heshima. Mimi ni mbeba picha. Miaka thelathini na moja hapa Chicago nimefungua masanduku, nimetundika, nimetundua, nimefunga masanduku. Maonyesho maalumu yanakuja, yanakaa miezi mitatu, watu wanapanga foleni hadi barabarani, kisha yanaondoka na mimi nayasukuma hadi kwenye lori. Sina kinyongo na kazi hiyo. Kinyongo nilicho nacho ni cha siku moja tu, na aliyekosea siku hiyo ni mimi.

Mwaka ule tuliletewa maonyesho ya mablanketi ya viraka, yaliyoshonwa na wanawake weusi wa mashambani kule Alabama. Picha zake zilitangulia ili tupime kuta. Niko mezani na mkate wangu, nafunua kurasa kivivu, mara nikaacha kutafuna. Blanketi la kijivu na buluu, na katikati yake, limeshonwa zima zima, shati la mtoto la mistari, mikono imekunjuliwa, vifungo havipo. Chini wameandika: Alabama, miaka ya sitini, mshonaji hajulikani.

Eti hajulikani. Mshonaji mwenyewe alikuwa nyumbani kwangu, chumba cha nyuma, na asubuhi ile alikuwa amenisema kwamba uji wangu hauna ladha.

Mama yangu aliitwa Arzelia Tolliver. Kaka yangu Odell alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa, mimi ningali mgongoni. Mama alikata nguo zake zote akashona blanketi, ila lile shati mkono ulimgomea kulitia mkasi, akalishona lilivyo. Akalilalia baridi mbili. Ya tatu, yeye yuko shambani kwa watu, akapita mzungu na gari akinunua mablanketi makuukuu, baba akamuuzia. Mama hakumsamehe baba hadi tunamzika. Hata tulipohamia huku, kila alipokasirika, naye alikuwa mwepesi wa kukasirika, neno lilikuwa lile lile: mmeniuzia mtoto.

Nilipomwambia limepatikana alikuwa na miaka themanini na minane. Sukari ilishamla macho, figo zinakwenda, na mashine ya kusafisha damu aliikataa katakata. Daktari alisema ni suala la miezi. Nilidhani atalia. Hakulia. Hakuuliza limetoka wapi wala ni la nani sasa. Aliuliza jambo moja tu.

"Nitamshika?"

Nikasema atamshika. Nilisema bila kujua nitafanyaje, kwa sababu blanketi likishatundikwa huwekewa kioo mbele, na hapo hata mimi siligusi mpaka maonyesho yaishe. Kuna saa moja tu katikati. Sanduku likifunguliwa, kitu kinalazwa mezani, kinakaguliwa inchi kwa inchi, kila doa linaandikwa, ndipo kinapanda ukutani. Nikaenda kwa Bi Petrakis, msajili wetu, anayetunza hati zote za vitu vya kuazima. Miaka thelathini na moja sikuwahi kumwomba hata likizo ya ziada. Siku ile nilimwomba mpaka sauti ikanikauka.

Haki yake nimpe, alihangaika. Alimpigia mwenye mali, akakubali. Tukapewa dakika kumi na tano, Jumanne, siku tunayofunga. Atakuwepo Halvorsen, msindikizaji aliyetumwa na mwenye mali kulilinda blanketi njia nzima. Bi Petrakis akaongeza kwamba mama akilitambua mbele yao, ataandika maelezo, na jina lake litawekwa ukutani badala ya lile neno hajulikani. Nilimshukuru, lakini kusema kweli jina halikunishughulisha. Mama alitaka mkono wake juu ya lile shati kabla hajafa, basi.

Nilimwingiza na kiti chake cha magurudumu kwa mlango wa nyuma, kwenye malori, kwa kuwa ndiko kuna lifti kubwa. Akanusa mbao na moshi wa gari, akacheka.

"Miaka yote hiyo, Lucius, na bado wanakupitisha mlango wa mizigo."

Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Mikono ilikuwa imepakwa mafuta, kucha zimekatwa, kazi ya mjukuu wake. Mezani blanketi limelala chini ya taa. Halvorsen, mzungu mrefu mpole, akamsalimu, akarudi nyuma hatua mbili kutuachia nafasi. Bi Petrakis ana kalamu.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikafanya ninachofanya kila siku ya Mungu kabla ya kugusa kitu. Nikachukua glavu za mpira kwenye boksi. Nikavaa mimi, nikachukua nyingine, nikaanza kumvalisha mama.

"Lazima?" akauliza.

"Ni sheria, Mama."

Akanyoosha vidole nikamvalisha kimoja kimoja. Mwanamke aliyekua Alabama ile, akiambiwa sheria ndani ya jumba la wazungu, habishani. Nikampeleka mkono hadi kwenye shati. Akapapasa kola. Akashuka begani, akaenda kwenye kiwiko cha kushoto, akakaa pale muda mrefu. Kiwiko hicho alikuwa amekitililia mara tatu Odell akiwa hai, uzi juu ya uzi, mpaka pakawa na kovu. Mimi nililiona lile kovu kwa macho yangu. Yeye vidole vyake vilishakufa ganzi nusu kwa sukari, na juu yake kuna mpira. Akarudia, safari hii kwa haraka, kisha akautoa mkono akauweka mapajani.

"Silo," akasema. "Wamekudanganya, mwanangu. Hili ni la mtu mwingine."

Nikamwambia Mama, jaribu tena. Akasema mtoto wake angemjua hata gizani, na gizani ndiko anakoishi. Bi Petrakis akaandika. Alisikitika, nilimwona, lakini aliandika.

Nilimrudisha nyumbani.

Niliporudi, blanketi lilikuwa limeshapanda na vijana wanafunga kioo. Halvorsen alikuwa akisaini karatasi. Akaniuliza kwa upole kama mama ana kidonda mkononi. Nikasema hana, kwa nini. Akasema alishangaa zile glavu, maana vitambaa wao hushika kwa mikono mitupu iliyonawa kwa sabuni, ili vidole visikie uzi. Alidhani nina sababu yangu, ndiyo maana akanyamaza.

Sikuwa na sababu. Mimi ni mtu wa picha na vyuma, vitambaa vina idara yake, na sikuuliza. Niliomba kioo kifunguliwe, nikakataliwa. Nilipiga kelele kwa mara ya kwanza katika kazi ile, nikakataliwa tena, wakanipa siku mbili nikapumzike. Blanketi lingeshuka Januari. Nikajiambia Januari si mbali, nitamleta ananawa mikono, ananawa na sabuni, anashika. Kwa hiyo mama sikumwambia kitu. Niliogopa, na aibu ilinijaa.

Novemba akalazwa. Siku ya tatu pumzi ikawa fupi, naye akawa anauliza jambo lile lile, kwamba sasa shati la Odell liko kwa nani, na nani analilalia. Sikuweza kuvumilia. Nikasema angalau aende akiwa na amani. Nikamshika mkono nikamweleza yote: lilikuwa lenyewe, kiwiko nimekiona, kosa ni glavu, na glavu nilizileta mimi.

Akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Alikuwa yeye," akasema.

"Alikuwa yeye, Mama."

"Nilikuwa nimemshika. Nikamkana mbele za watu."

Nikaanza kumwambia hapana, kosa si lako, ni langu. Akauvuta mkono wake kutoka kwangu, akageukia ukutani. Aliishi siku mbili zaidi, na mimi hakunisemesha tena.