Nyumba ya Mfano

Bwana Wolfgang hakuwa Mzungu. Alikuwa mzaliwa wa Dongobesh, na jina alipewa kwenye ubatizo kama watu wengine. Lakini tangu awe mkurugenzi wa mradi wa kuwafundisha kazi watu wasio na makazi, pale Katesh, alijitahidi sana kulistahili.

Fabiola alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mume alikwishatangulia mbele ya haki, na nyumba yao ya Getanuwas ilikwenda na maji ya mafuriko. Sasa alilala kwenye baraza la duka la vitenge la Mama Saumu, ambaye hakumfukuza wala hakumkaribisha ndani. Masika yalikuwa yanakaribia, na baraza lile lilikuwa na paa la kusingiziwa. Fabiola alitaka chumba tu, hata kisicho na dirisha, mradi kiwe na mlango wa kufunga.

Mradi ulifundisha uashi. Kila Jumatatu watu wasio na nyumba walianza kujenga chumba. Kila Ijumaa walikibomoa, wakakwangua matofali na kuyapanga vizuri, ili Jumatatu wajenge tena. Waliunganisha kwa udongo, maana ukuta wa saruji ungegoma kuvunjika na kuharibu ratiba. Fabiola alipouliza kama chumba kimoja kingeweza kuachwa, Bwana Wolfgang alimtazama kama mwanafunzi aliyeomba kula chaki.

"Mama, hapa tunajenga uwezo," alisema. "Nyumba ni hatua nyingine."

Wafadhili walipotangaza ziara, hatua zikarukwa. Mkurugenzi akaleta mabati na mlango wenye kitasa, chumba kipendeze kwenye picha. Fabiola ndiye aliyepandisha pembe zote nne, nazo zikanyooka hata mwenyewe akaona haya kuzitazama sana. Mkurugenzi akamwalika pia katekista, Mzee Patriki, afungue shughuli kwa sala. Hapo ndipo alipokosea.

Mzee Patriki hakuelezwa habari za uwezo. Aliona nyumba mpya, wageni na sufuria za pilau, akajua la kufanya. Alitoa chupa ya maji ya baraka, akanyunyiza kuta, akanyunyiza kizingiti, kisha akauliza kwa sauti ya kanisani:

"Mwenye nyumba ni nani?"

Bwana Wolfgang alikuwa mbali, anawapanga wageni kwa picha.

"Shikamoo, Mzee. Ni mimi," alisema Fabiola. Alijua anadanganya, na alijua hatapata nafasi nyingine.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akae humu pamoja nawe."

Wageni wakapiga makofi, wakala, wakaondoka.

"Haya, bomoeni," alisema mkurugenzi.

Onesphory, mwanafunzi mwenye misuli kuliko wote, aliweka nyundo chini. "Nyumba iliyobarikiwa, mkurugenzi? Mimi nina watoto."

"Ni ya mfano!"

"Baraka haikuwa ya mfano. Anza wewe, sisi tutafuata."

Bwana Wolfgang akainyanyua nyundo. Rozari ikachungulia kwenye kola ya shati lake. Akaishusha nyundo, akasema ana kikao.

Jioni hiyo Fabiola akahamisha godoro. Masika yakaja, kuta zikasimama. Mama Saumu alipita kuangalia, akapapasa pembe moja, akampa kazi ya kumjengea stoo.

Asubuhi moja Bwana Wolfgang akaja na uamuzi wa ofisi. Mafunzo yalikuwa ya watu wasio na makazi. Fabiola sasa alikuwa na makazi. Kwa hiyo alikuwa amefukuzwa mafunzoni. Alipanga kulisema hilo kwa ukali, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na mtu aliyelelewa Dongobesh hasukumi mlango wa mwenzake.

"Hodi," alisema mkurugenzi.

Fabiola akaacha chai ichemke. Mtu wa barazani hapigiwi hodi. Tangu mafuriko hakuwa amelisikia neno hilo likisemwa kwake. Akanyamaza, alisikie tena.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu," aliitikia, na machozi yakamtoka kabla hajafika mlangoni.