Kupasha Kiti

Nyumba ile ilikuwa na kazi moja isiyofanywa kwa majirani: kupasha kiti. Mifupa ya mama haikupatana na baridi. Kila kipupwe kilipoingia, baba aliamka wa kwanza, akakalia kiti cha mama mpaka kamba zake zikapata joto, ndipo akaita, "Mama watoto, njoo, kiti kimeiva!" Mama alikuwa akicheka, akisema wenzake wanapashiwa chai, yeye anapashiwa kiti.

Mama alifariki wakati wa masika. Kipupwe kilipofika, binti mdogo wa nyumba, waliyemwita Kimya, alitoka alfajiri kuwasha mkaa wa pasi yake, maana riziki yake ilikuwa kuwapigia watu nguo pasi. Mlango wa sebule ulikuwa haukufungwa vizuri. Akamwona baba kwenye kiti cha mama, mikono magotini, midomo ikicheza kwa sala. Baada ya kitambo aliinuka, akakipapasa kiti kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akahamia chake. Hakumwita mtu.

Kimya alirudi uani bila kukanyaga hata jani. Shule aliishia ya msingi, lakini vitabu vya nyimbo za kanisani alivimaliza vyote, na beti alizijua kwa sikio. Asubuhi ile, kola za watu zikipita chini ya pasi, maneno yalimjia yamejipanga yenyewe:

*Kipupwe kikiingia, baba huamka mbele,*
*Kiti akakikalia, cha mama wa siku zile,*
*Joto lake humwachia, na huku machozi tele,*
*Bwana nami nakwambia, nipashie changu kule.*

Akaona amesali. Akaona pia kwamba maneno hayo si ya kutembezwa.

Jumamosi alikuwa akimsuka dada yake, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya kuinua paa.

"Unanong'ona nini huko nyuma ya kichwa changu?" dada akauliza. "Unaniroga?"

"Nywele zako zingerogeka, ningeshapumzika."

"Niambie bwana, mdogo wangu. Mimi na wewe tumebaki wawili tu."

Hilo la wawili ndilo lililomlegeza. Akamwambia yote: mlango, kiti, na ubeti wenyewe. Dada alifuta macho kwa kiganja.

"Lakini lisitoke hapa," Kimya akasema. "Baba akijua nilimwona, atakufa kwa aibu."

"Mimi kaburi."

Kumbe kaburi lenyewe lilikuwa na mlango wa nyuma.

Jumapili moja, baridi bado inauma, kwaya ilisimama na wimbo mpya. Kimya alikuwa amekaa kando ya baba. Sauti ya dada ilipotoka na neno *kipupwe*, Kimya aliutambua ubeti wake. Ilipofika kwenye kiti, muuza mkaa, rafiki wa mama tangu ujana wao, alishika mdomo. "Kupasha kiti! Marehemu si alikuwa akitutambia hilo?" Benchi zima la akina mama likageuka kumtazama baba.

Baba alikuwa fundi baiskeli, mtu ambaye hata akijikata kidole hufunga kitambaa kwanza ndipo aseme uff. Alitazama mbele. Vidole ndivyo vilivyomsaliti, vilikuwa vikiikunja kofia.

Mchungaji alisimama, ameguswa kweli. "Nani katunga wimbo huu?"

Dada akainamisha macho kama bibi harusi. "Ni Mungu tu, mchungaji. Amenitumia mimi."

Makofi. Kimya naye akapiga, kwa sababu mikono isiyopiga ingeonekana.

Nje, wanaume walimzunguka baba. "Fundi, kwangu kiti kina baridi, pita basi jioni!" Hawakuwa na ubaya. Baba alicheka kidogo, kicheko cha kulipia njia, akaondoka peke yake.

Nyumbani aliwangoja amesimama, kofia mkononi.

"Nani alinichungulia?"

Dada hakungoja hata swali lipoe. "Baba, mimi niliimba tu. Maneno ni ya huyu."

Kutoka kanisani mpaka mlangoni, wimbo ulikuwa umebadilisha mzazi.

"Dada!" Kimya alisema. "Kanisani ulisema ni yako."

"Kanisani nilisema ni ya Mungu. Sikiliza vizuri."

Baba aliwatazama kwa zamu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini. "Mmoja kanichungulia, mwingine kanitangaza. Na mimi nimebaki nje ya mlango wangu mwenyewe."

"Baba, nisamehe. Nilikuwa nasali," Kimya akasema.

"Najua. Nimeusikia ubeti." Akaitundika kofia. "Nimekusamehe, mwanangu. Ila nimeona haya, na haya haisikii msamaha."

Kesho yake alfajiri Kimya alitoka na mkaa wake. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa kwa komeo. Alisubiri mlio wa zile kamba za kiti. Hakusikia kitu. Baba alitoka akiwa amevaa nguo za kazi, akaenda kwenye baiskeli zake bila hata kuketi, na siku iliyofuata ikawa vilevile.

Siku ya mazoezi ya kwaya, dada alikuja uani, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mchungaji anataka ubeti wa pili. Tumealikwa kuimba kwenye mkutano mkubwa. Najua unao, wewe huwa huishiwi."

Alikuwa nao. Ulimjia alfajiri ile ile ya mlango uliofungwa, kuhusu komeo, na kuhusu Bwana anayebisha hodi kwa upole kwa mtu aliyechoka kufungua. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa kwanza. Alinyunyizia maji shati lililokuwa mbele yake, akabana meno, akasukuma pasi.

"Sina."

"Usininyime, mdogo wangu. Mimi na wewe si tumebaki wawili?"

"Watatu," Kimya akasema. "Baba yupo."

Dada akaanza kujaribu mwenyewe kwa sauti ndogo. "Kiangazi kikiingia… baba… baba hu…" Akakwama. "Kiangazi baba hufanya nini?"

Kimya aligeuza shati, akaanza upande wa mgongo.