Kokoto za Mwalimu

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa, Fundi hakuwahi kusikia mkewe akisifu kitu mara ya kwanza. Mke alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata baada ya kustaafu aliendelea kusahihisha: chai imezidi majani, kola ya shati haijatakata, na kabati ulilotengeneza, Fundi, mlango wake unalalamika. Kila kitu alikipa alama juu ya kumi. Fundi, seremala mpole wa mikono mikubwa, alishazoea, na tuseme kweli, alipenda. Mtu anayekusahihisha ana habari nawe.

Kisha Mwalimu akaugua. Homa ilipoondoka iliondoka na ladha yake yote. Alisema chakula kinywani ni unga wa mbao tu. Alikula vijiko vitatu, akasogeza sahani, akasema, "Nzuri, asante." Wali ulioungua ukawa mzuri. Supu iliyopoa ikawa nzuri. Ile "nzuri" ilimtisha Fundi kuliko homa yenyewe, kwa kuwa aliyelala pale kitandani alikuwa mgeni mwenye adabu, na yeye alikuwa anamtaka mkewe.

Akakumbuka kokoto. Dukani zinaitwa granola, lakini nyumba ile iliziita kokoto, kwa namna zilivyolia menoni. Mwalimu alizitengeneza kila Jumamosi na hakuruhusu mtu jikoni. Fundi akampigia simu binti yao.

"Baba, wewe na jiko wapi na wapi?" binti akacheka.

"Nitajie tu vinavyotiwa, mama."

Akamtajia: shayiri bapa ile ya uji, karanga, ufuta, mafuta, asali, na chumvi. Fundi aliandika vyote kwa penseli yake ya sikioni, isipokuwa chumvi. Kitu cha asali, chumvi ya nini? Mtoto amechanganya mambo, akasema moyoni.

Trei ya kwanza aliiweka kwenye moto wa kuyeyushia chuma. Ilitoka nyeusi ti. Mwalimu akatafuna kidogo. "Nzuri, asante."

Trei ya pili aliilinda kama askari wa zamu. Ilipotoka, rangi yake ilipendeza, lakini mikono ya Fundi haijui kukaa: akaigeuza, akaikoroga, akaipekua mpaka ikapoa. Hakuna hata bonge moja. Zamani Mwalimu alikuwa akisema kokoto zisizo na mabonge ni mchanga. Safari hii alisema, "Nzuri," akageukia ukutani. Fundi akaenda karakanani, akafunga mlango, akakaa juu ya mbao kwa muda mrefu. Alikuwa na hamu ya mtu aliyekuwa chumba cha pili.

Ili mikono ipate kazi, akachukua kiti cha jirani kilichovunjika mguu. Akapaka gundi, akaubana mguu, akaukaza kwa kamba. Kidole kikamwasha kutaka kuujaribu. Akajikemea kwa maneno anayowaambia wateja wenye haraka: "Gundi haitaki kushikwashikwa. Iache."

Akasimama wima. Asali nayo si gundi?

Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga walisema, na Fundi akachovya mara ya tatu. Moto mdogo. Akageuza mara moja tu, katikati. Ilipotoka akaishindilia kwa kipande cha mbao safi, sawasawa mpaka pembeni, kisha akatoka uani na kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa, mikono isije ikamponza. Aliporudi trei ilikuwa baridi. Akaivunja. Ikalia ka! Mabonge kwa mabonge, mekundu kama ubao wa mninga uliopigwa msasa.

Akampelekea katika bakuli lake la bluu, akasimama mlangoni. Mwalimu akatia bonge mdomoni. Likalia. Akatafuna. Akaacha kutafuna, akakunja uso.

"Fundi," akasema. "Chumvi iko wapi?"

"Unasemaje?"

"Hujatia chumvi. Asali bila chumvi inapooza. Na hii asali umeimwaga, hukuipima." Akalamba kidole, akafikiri. "Mabonge umeyaweza, lakini. Nani kakufundisha kuyaacha? Nakupa sita."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka uso katika ile mikono yake mikubwa yenye harufu ya asali na gundi, akalia bila haya. Mwalimu akamtazama kwa mshangao, akamwekea mkono mgongoni.

"Baba watoto, sasa unalia nini? Sita ni kufaulu."

Akachukua bonge jingine.