Dude la Buluu la Kibiti

Tangu astaafu ubwana shamba, Nassibu alikuwa hakaliki. Atafagia uwanja uliokwisha fagiwa, atatoka mpaka barabarani, atarudi kuagiza chai, na chai ikija yeye keshatoka tena. Miaka yote ya kazi aliizunguka Rufiji juu ya pikipiki nyekundu ya ofisi: leo Chumbi kwenye mpunga, kesho Mloka ambako tembo wameingia mahindi ya watu. Walipomuaga kazini walimpa pikipiki ile ile, na sasa ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko, haina pa kwenda.

Ndipo Khalidi alipoleta dude lake Kibiti.

Khalidi alikuwa mwenye duka, na tangu biashara iachiwe huru hakuna alichoshindwa kukitoa Dubai: redio, majokofu, mazulia. Safari hii alishusha pikipiki ya buluu, pana kama ng'ombe, ina kioo cha kukinga upepo mbele na masanduku mawili ubavuni. Nassibu aliizunguka, akaizunguka tena.

"Hii si ya mashamba, mzee," Khalidi alimwambia. "Hii ya lami. Unatoka hapa asubuhi unakwenda kulala Tanga, na mgongo haulalamiki."

"Na mchangani?"

"Mchangani itakuangusha. Sikufichi."

Wiki nzima Nassibu hakupata raha. Hata akila, mkono wa kulia ulikuwa ukijizungusha wenyewe, kama unaongeza mafuta.

"Baba Shufaa, unakula au unaendesha?" mkewe, Biasha, alimuuliza.

Akamweleza. Alingoja kusikia habari za umri wake na goti lake bovu. Biasha akanawa mikono, akauliza, "Nyuma panakaa mtu?"

Biasha hakuwahi kuipanda ile nyekundu hata mara moja. Nyuma palikuwa pa bomba la dawa na magunia ya mbegu.

Jumamosi Khalidi aliwaruhusu waijaribu, mwisho Bungu. Walikwenda vizuri, upepo ukipita juu ya vichwa vyao. Ila kusimama Bungu, Nassibu alinyoosha mguu kutafuta ardhi, kisigino kikateleza kwenye kokoto. Dude likainama polepole, uzito ukamzidi, wote wawili wakajikuta chini mbele ya wauza machungwa. Alijaribu kuliinua, halikutikisika. Wanawake wanne wakaacha biashara zao wakaja kulisimamisha.

"Bwana shamba," mmoja wao akasema, "hili waachie vijana."

Nassibu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaligeuza lielekee Kibiti. Biasha akakung'uta khanga yake, asipande.

"Umegeuza ya nini? Dada Mwanaheri yuko Mkuranga, sijamtia machoni tangu msiba wa mama."

"Khalidi alisema mwisho Bungu."

"Khalidi atangoja."

Wakaenda. Huko dada aliwang'ang'ania mpaka wakalala, wakapikiwa samaki wa nazi, na Biasha na dada yake wakazungumza mpaka sauti zikakauka. Kesho yake waliporudi, Khalidi alikuwa kasimama barabarani, kakunja uso.

"Mzee Nassibu, wallahi..."

"Naichukua," Nassibu alisema kabla hajashuka.

Ile nyekundu alimuuzia Abbasi, bwana shamba mpya, aliyekuwa akienda Chumbi kwa baiskeli. Masika yalipoanza watu walimcheka Nassibu, maana dude lake halikuweza hata kufika shambani kwake. Hakujali. Lami ikikauka tu, yeye na mkewe wako njiani: Bagamoyo, Chalinze, mara Tanga.

Kutoka Tanga alirudi goti limevimba kama papai. Biasha alimlaza barazani akawa anamkanda kwa mafuta ya nazi, naye anaugulia.

"Mama Shufaa, hivi kutoka Tanga mpaka Mombasa ni mbali sana?"

"Nyoosha mguu kwanza," Biasha akasema.