Maziwa ya Mulki na Dawa Mpya ya Degedege

Nakaale, muuguzi, alikuwa amekaa kibandani kwa Mulki, muuza maziwa ya ngamia mkabala na hospitali, karatasi za utafiti mapajani. Saa tatu wahudumu wa chumba cha dharura wangeamua: watoto wenye degedege waendelee kuchomwa sindano, au wapuliziwe dawa mpya puani? Daktari Abdirashid, mkuu wao, alishakubali. Utafiti ulisema dawa mpya si duni kuliko sindano. Nakaale alikuwa ameusoma mara nne. Kitu kilimkera, asijue nini.

"Molu!" Mulki alimfokea dereva wake. "Umemwaga maziwa yaliyotoka Garbatulla kwenye jerikeni za kutoka Gotu?"

"Nimeonja zote, mama. Ziko sawa tu."

"Si umechanganya! Zitakosaje kuwa sawa?"

Nakaale akafunua ukurasa wa sita. Watoto thelathini katika kila mia waliopuliziwa walichomwa sindano pia, degedege ikatulia, na bado wakahesabiwa ushindi wa dawa mpya. Akaanza kucheka hadi chai ikamwagikia viatu.

"Umelogwa?"

"Mulki, ukijaribu dereva mpya, utakubali aharibu jerikeni ngapi kwa mia zaidi ya Molu?"

"Mbili. Tatu, kama ana adabu."

"Hawa watafiti wamekubali dawa mpya ishindwe kwa watoto ishirini zaidi katika mia, ndipo wakaiita si duni. Na ni watoto!"

"Sasa bado unakunywa chai yangu ya nini? Kimbia!"

Alikimbia. Aliingia kikaoni akihema, kicheko kikimtoka puani. Hakuwahi kumpinga daktari hata siku moja.

"Samahani, daktari. Wamechanganya maziwa."

Wote wakamtazama. Akaeleza, akikwama, akicheka, akifuta machozi: sindano iliyojificha ndani ya dawa mpya, na ile ishirini watafiti waliyojipangia wenyewe. Abdirashid akasoma ukurasa wa sita polepole, kidole kikifuata mistari.

"Kwa hiyo dawa ni mbaya?"

"Sijasema mbaya, daktari. Nasema hatujajua."

Mabega ya Abdirashid yakaanza kutikisika. "Na mimi nimeisifu wiki nzima!" Akacheka mpaka akavua miwani, na chumba kizima kikamfuata. "Sindano inabaki."

Saa saba Abdirashid alikuja mwenyewe kibandani, nyuma ya Nakaale.

"Salaam aleikum, Mulki. Nipe kikombe cha Gotu, na kingine cha Garbatulla."

"Aleikum salaam. Ya leo yote ni moja, daktari. Muulize Molu."

"Basi nitarudi kesho," alisema Abdirashid, na Nakaale akaanza kucheka tena.