Mahali Palipobonyea

Kidole gumba cha dada yangu kilipanda na kushuka nyuma ya shingo ya gitaa la besi, kama mtu anayepapasa kitasa cha mlango katika nyumba ngeni. Nilisimama kando ya meza yangu ya kazi, kifua mbele, nikingoja sifa.

Besi ile kuukuu alikuwa nayo miaka thelathini na minane. Alipolazwa kwa upasuaji wa macho, nilijitia kimbelembele, nikaichukua bila kumwambia. Nilikwangua vanishi iliyochakaa, nikaziba kila kovu, nikapiga msasa shingo nzima mpaka ikawa laini kama yai, kisha nikaipaka vanishi mpya mara saba. Upasuaji haukufua dafu. Dada alirudi nyumbani haoni kabisa, nami nikajifariji kwamba walau besi ingempokea ikiwa kama mpya.

Akapiga noti ya kwanza, siyo. Akasogeza mkono, akapiga tena, siyo.

"Umebadilisha shingo?"

"Ni ileile, dada. Nimeitengeneza tu."

"Hapa palikuwa pamebonyea. Niliigonga kwenye ngazi mwaka ule nilioolewa." Gumba likasugua vanishi yangu. "Nikipagusa tu, najua mkono uko wapi. Macho yalipoanza kufifia nilijiambia, si neno, shingo naijua. Sasa mdogo wangu, nitajuaje?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kiongozi wa bendi yake alikuwa amempa hadi Jumamosi aonyeshe kwamba bado anaweza kupiga. Akishindwa, nafasi yake ingepewa mtu mwingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Huwa wanakuja wateja na magitaa mapya, wakitaka niyakwaruze yaonekane yamekula chumvi nyingi. Nawatimua. Uzee wa kubandika ni uongo, nawaambia, waende kwa mafundi wasio na haya. Alhamisi hiyo nilikula matapishi yangu.

"Shika kama unapiga," nikamwambia.

Akashika. Nikatia alama ya chaki chini ya gumba lake.

"Teremka kidogo. Umepitiliza. Hapo," dada akaniongoza.

Nikachukua tupa ya mviringo, nikaizamisha katika kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Iliniuma, sitaficha. Nilikata, akapapasa, nikakata tena.

"Palikuwa na ukingo upande huu, unakwaruza kidogo."

Nikaufanya ukingo. Dada akaweka besi mapajani, akavuta pumzi, akapiga. Noti ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, akapanda mpaka katikati ya wimbo bila kuteleza. Kisha mkono ukasita.

"Si penyewe hasa," akasema. "Pamekosewa kwa unene wa unywele hivi."

"Lete, nitapasogeza."

Nilikwisha nyoosha mkono, lakini hakuiachia besi.

"Acha. Umesogeza vya kutosha, mdogo wangu. Hapo nitasogea mimi."

Akaurudia wimbo tangu mwanzo, polepole, akikosea.