Nilivyokufa Kwenye Runinga

Nilikufa Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mwendo wa saa mbili na nusu usiku, nikiwa nimeshika kikombe cha chai sebuleni kwangu Subukia. Nyumba ilikuwa imejaa. Jirani yangu Kiptum alikuwepo na mkewe, akina mama wa kwaya walikuwepo, na vijana walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Mwanangu Ngigi alikuwa ameingia kumi bora katika shindano la kuimba, na TV yetu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote upande ule wa bonde. Mtangazaji akamuuliza gitaa lile alilitoa wapi. Ngigi akainamisha kichwa, akasema, "Ni ya baba yangu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na moja."

Sebule nzima ikanigeukia.

Jambo la kwanza nililofanya ni kucheka. Ungefanya nini kingine? Gitaa hilo nililinunua mwenyewe Nakuru mjini, nikalibeba mgongoni mpaka nyumbani, nikiwa mzima kabisa. Kiptum akanishika bega akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Mke wangu Wariara hakucheka. Aliweka birika chini akasema, "Ashindwe!", neno ambalo kwetu huambiwa shetani. Halafu Ngigi akaimba wimbo alioutunga kuhusu kifo changu, na nitakuwa mwongo nikisema hakuimba vizuri. Majaji walifuta machozi. Hata mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa ameketi karibu nami mpaka viwiko vyetu vinagusana, alinililia.

Kesho yake Ngigi alipiga simu.

"Baba, si mimi," alisema. "Ni prodyuza, anaitwa Abby. Aliniambia story yangu haina uzito. Eti kijana wa Subukia ako na wazazi wote wawili na ng'ombe tatu, nani atampigia kura?"

"Kwa hivyo ukaniua."

"Ni ya TV tu, Baba. Nikishinda nitanyorosha hiyo maneno."

Nilikasirika sana. Kwetu mzazi akitamka neno baya juu ya mtoto wake akiwa na hasira, neno hilo halirudi. Nilifunga mdomo, nikaenda kukamua.

Laiti mambo yangeishia hapo. Ngigi alipofika watatu wa mwisho, watu wa runinga wakataka kupiga picha nyumbani kwa kila mshindani, na huyo Abby akasema lazima kaburi la baba lionekane. Ngigi hakuthubutu kuniambia. Alimwambia mama yake, naye Wariara akanifuata zizini jioni. Yule yule aliyesema ashindwe sasa alikuwa ananibembeleza.

"Baba Ngigi, mtoto ameshafika pale. Tukimkata miguu saa hii, atarudi hapa akae na nani? Hata wewe unajua hapa hakuna kitu."

Nilikuwa nampenda huyo mama, na nilikuwa nampenda mtoto wake. Nilichukua jembe na toroli nikarundika udongo nyuma ya miti ya kahawa, urefu wa mtu mzima, nikaupigapiga pande zote ukakaa sawa. Msalaba nilimwagiza fundi wa pale sentani, kwenye maduka. Aliniuliza ni nani amefariki, nikamwambia ni binamu, wajina wangu. Jina lilikuwa langu, Gachanja. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wangu. Mwaka wa kufa nilitumiwa na Ngigi kwa simu.

Siku ya kupiga picha nilishinda kwa Kiptum, nikachungulia kwenye ua wa michongoma kama mwizi. Nilimwona mwanangu amepiga magoti, amekumbatia msalaba wangu, mabega yanatikisika. Alilia vizuri sana. Kiptum alitema mate chini akasema, "Hii si mchezo, Gachanja. Mimi kwetu hata utani wa namna hii hatufanyi." Nikamwambia hatukuchimba shimo, tumerundika udongo tu. Sijui nilikuwa namtuliza nani.

Ngigi alishinda. Akina mama walipiga vigelegele, Subukia ikalala imechelewa, na mimi pia nilicheza, kwa maana ushindi wa mtoto ni ushindi. Nikangoja anyooshe yale maneno. Alinieleza kwamba amefungwa na mkataba: ikijulikana alidanganya, zawadi inarudi na kampuni inampeleka kortini. Tungoje kidogo, akasema, mpaka jina lisimame.

Jina halikusimama. Alitoa wimbo wa mapenzi, redio zikaucheza wiki moja zikauacha. Akatoa mwingine wa kuchezesha watu, ukafa haraka kuliko wa kwanza. Aliitwa Olkaria kwenye sherehe ya wafanyakazi wa umeme, wakaongea na kula nyama juu ya sauti yake mpaka mtu mmoja akapaza sauti, "Boss, tupatie ile ya baba!" Alipoimba ile ya baba wakanyamaza. Hiyo tu ndiyo waliyoitaka. Mwaka wa pili ulipofika, kazi yake kubwa ilikuwa mazishi. Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha, popote mzee alipofariki, Ngigi aliitwa na gitaa lake asimame mbele ya jeneza la mtu mwingine aimbe habari za kufa kwangu. Mwanangu alikuwa anakula kifo changu, na hakikuwa kinamshibisha.

Mimi nilibaki na utani. Pale tunapopima maziwa, karani alikuwa akiuliza kwa sauti, "Marehemu leo ana lita ngapi?" na foleni yote inacheka, nami nacheka nao. Wageni nao walianza kuja kupiga picha kaburini, na nilikuwa nawaonyesha njia kama mfanyakazi wa shamba. Mama mmoja kutoka Naivasha aliniuliza kama nilimjua marehemu. Nilimwambia nilimjua, alikuwa mtu mkaidi, hasikii. Akasema Mungu amrehemu.

Wariara ndiye aliyeshindwa kucheka. Aliacha kupita nyuma ya miti ya kahawa. Kuni akazifuata njia ndefu. "Maneno huumba," aliniambia mara nyingi. "Bomoa kile kitu, Baba Ngigi." Kila mara nilimwambia tumngoje Ngigi kwanza, alete habari njema. Ningemsikia, leo ningekuwa na jambo moja pungufu la kujutia.

Alianguka jikoni mwezi wa Machi. Presha. Tulimkimbiza hospitali Nakuru, akakaa siku tatu bila kusema neno, akafariki nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikononi kulikuwa na mipira ya dawa. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka thelathini na mmoja. Sitasema mengi juu ya hilo. Mwenye kujua anajua.

Ngigi alikuja kwa gari la kampuni, Abby akiwa kiti cha mbele. Abby alinipa pole kwa mikono miwili bila kuuliza mimi ni nani, na kutokana na jinsi alivyokwepa macho yangu nilijua anajua. Ngigi akaniomba tuzungumze pembeni, karibu na tangi la maji. Alikuwa amekonda. Kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka nyama.

"Baba, mazishi wataonyesha live," alisema. "Nimetunga wimbo ya Mama. Wamesema hii ndiyo nafasi ya mwisho. Nikikosa, wananiacha."

"Imba basi. Nani amekukataza?"

"Ukikaa mbele kama mzee wa boma, nimeisha." Hakuwa ananitazama. "Na si kazi pekee. Watanishtaki, Baba. Nitalipa na nini?"

"Unataka nikae wapi?"

"Na wajomba. Kama kaka ya Mama. Ni masaa mawili tu. Halafu nakuapia haki ya Mungu, nitasema ukweli wote."

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamejipanga mdomoni tangu ile Jumapili ya chai, na kila moja lingeweza kumvunja. Lakini mke wangu alikuwa amelala mochari, na huyu ndiye mtu pekee aliyebaki duniani mwenye macho yake. Nilimwambia sawa.

Pasta wetu alikataa kuongoza ibada ya uongo. Alikuja akaketi na watu wa kawaida. Ngigi akaleta mwingine kutoka Nakuru, Pasta Micah, asiyetujua. Vitabu vya ratiba vilikuja vimechapishwa kwa rangi, picha ya Wariara akicheka, na chini yake: mjane wa marehemu Gachanja. Nilikisoma kile kitabu mara tatu. Shemeji yangu Maina alisogea kwenye benchi la wajomba akanipa nafasi, bila kuniangalia usoni. Kiptum akapenya katikati ya viti akaninong'oneza, "Mzee, sema neno moja tu. Moja. Sisi majirani wote tutasimama na wewe." Nikamwambia arudi akakae. Walinyamaza kwa heshima yangu, na heshima hiyo iliniuma kuliko utani wao wote.

Kaburi lake lilichimbwa kando ya lile langu, maana wapi kwingine mke angezikwa? Pasta Micah aliita watu wa kurusha udongo. "Mume wake alitangulia mbele za Bwana," alisema kwenye kipaza sauti, "kwa hivyo mtoto ndiye atakuja wa kwanza." Ngigi akarusha. Wakaja dada za marehemu, wakaja kaka zake. Mimi nilimrushia mke wangu udongo nikiwa mtu wa tisa kwenye foleni.

Kisha Ngigi akachukua gitaa. Mstari wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukakatika katikati. Watu walidhani ni kilio cha wasanii, lakini mimi namjua kijana wangu. Kile cha runinga hakikuwa na makamasi. Hiki kilikuwa kile cha utotoni, cha kwikwi, kinachofunga pumzi. Gitaa likaning'inia. Akainua kichwa, akapitisha macho juu ya watu wote, juu ya Abby na kamera zake, mpaka kwenye benchi la wajomba, akaniona.

"Baba," alisema, na kipaza sauti kikalibeba neno hilo mpaka barabarani. "Baba, siwezi. Kuja."

Kamera ikaanza kugeuka kufuata macho yake. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili, na nasema kweli mbele ya Mungu, mikono yangu ilikuwa imefunguka. Nikaona uso wa Kiptum unang'aa. Nikaona Abby amefunika mdomo. Hatua tatu zaidi, na mtoto wangu angekuwa kifuani mwangu, na kila alichokuwa nacho kingekuwa kimekwisha.

Nikasimama.

"Jikaze, mpwa wangu," nilisema, kwa sauti ya kutosha. "Baba yako anakusikia huko aliko."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango mvua ikinyesha. Kisha akaketi pale pale kwenye udongo, na akina mama wakamzingira kwa leso zao. Abby alikuwa analia. Watu walikuwa wanalia mpaka nje ya boma. Kiptum aligeuka akaenda kwake, na hakuja kula.

Picha hizo zimetazamwa na watu wengi kuliko walioona shindano lenyewe. Wanasema kijana alimwona marehemu baba yake kaburini, akamwita. Wimbo wa mama uko kwenye kila redio, ana maonyesho mpaka Desemba, na kampuni imempa mkataba mwingine. Hakuna aliyesema ukweli wowote, wala sitarajii.

Pasta wetu aliniuliza kwa nini sikwenda. Nilimwambia nilikuwa namlinda mtoto, na ni kweli. Sikumwambia lile lingine: kwamba nilipotamka yale maneno nikaona uso wake unavyovunjika, nilisikia raha. Ilikuwa ya kitambo kidogo tu, lakini ilikuwa raha, nami niliitambua, na kando yangu mke wangu alikuwa hajafunikwa vizuri.

Ngigi hupiga simu kila Jumapili. Huuliza kama mvua imefika, kama ng'ombe mweusi amezaa, kama nimekula. Hutuma sukari na unga kupitia kwa mtu wa duka. Tunaongea vizuri, bila ugomvi wowote. Lakini tangu siku ile hajaniita Baba, na mimi sina uso wa kumwomba.